Kompyuta ya Baba Chiriku

Jumapili, tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Mchwa,

Sasa hivi tu Chiriku amemwekea baba yake mpira mkononi, ule mpira laini, mdogo kama ndimu. Mpira ukaanguka. Mtoto akaufuata chini ya kitanda, akatoka nao umejaa vumbi, akaupangusa kwenye gauni lake, akaurudisha mkononi na kumkunja baba yake vidole juu yake, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga zawadi. Ukaanguka tena. Akacheka. Amefanya hivyo mpaka amechoka yeye mwenyewe, amelala hapo hapo sakafuni, mpira tumboni, na mdomo wake leo ndiyo mara ya kwanza naona umefungwa. Maana huyu mtoto anaongea, Mchwa. Anaongea na ndoo. Anaongea na viatu vya wageni. Jina la Chiriku ulimpa wewe, na yeye amelivaa likamkaa.

Sisi tupo. Mimi bado napiga pasi pale kwa dobi. Nguo za watu haziishi mikunjo, kwa hiyo kazi haiishi.

Ndugu yangu, nina shida na kichwa chako. Nataka kuunganisha kompyuta ya gemu. Usicheke. Ile iliyo tayari kabisa, inayowakawaka taa dukani, hata kuuliza bei yake naona haya. Nataka ya kuokoteza, kipande leo, kipande wiki ijayo, kila nikipata kidogo. Ni kwa ajili ya shemeji yako. Zile mashine za kwenye kibanda chake cha gemu hazifanyi kazi tena, nami nataka moja tu, ya hapa nyumbani, inayoweza kucheza lile gemu lake la magari bila kukwamakwama.

Najua utasema mbona asichague mwenyewe, wakati wewe yote unayoyajua alikufundisha yeye. Nataka nichague mimi. Ichukulie kama zawadi, usiniulize sana.

Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua kitu. Nimeolewa na mtu wa kompyuta, na nilichojifunza ni kuzifuta vumbi.

Barua nampa dereva wa lori la maji kama kawaida. Hivi kweli huko mgodini simu hamrudishiwi mpaka mkataba uishe? Waambie dada yako amesema wana roho mbaya.

Dada yako,
Mama Chiriku


Jumatano, tarehe 13 Februari

Dada,

Nimecheka mpaka jamaa wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Wewe! Kompyuta ya gemu! Wewe uliyekuwa unaiita kibodi "kile cha kugongagonga"!

Sasa sikiliza, mwanafunzi. Kompyuta ya gemu ya mtu asiye na hela ina siri moja. Hela karibu yote inakwenda kwenye kadi ya picha, na kwingine kote unakula kwa adabu. Kadi ndiyo inayochora barabara, magari na miti inayopita mbio. Prosesa inafikiri. Ramu ni kama meza ya kufanyia kazi, ikiwa ndogo vitu vinaanguka. Madabodi ni sakafu ambayo wote hao wanakaa juu yake, na pawa saplai ndiyo inayowalisha umeme. Kasha ni nguo tu. Hata likiwa limebonyea, halichezi gemu lenyewe.

Usinunue vipya. Tafuta mitumba ya ofisini. Maofisi yakibadilisha kompyuta yanauza zile za zamani zikiwa na afya tele, kwa sababu hazijawahi kukimbia maishani mwao, zimechapa barua tu. Humo utapata madabodi na ramu. Ramu chukua mbili ndogo zinazofanana, usichukue moja kubwa, zikifanya kazi pamoja ni kama watu wawili wamebeba kochi.

Pawa saplai ndiyo usiibanie. Ya hovyo siku ikilipuka inaondoka na wenzake wote. Maandishi yake hutayaelewa, basi wewe ibebe. Nzito ina shaba ndani, nyepesi ina upepo. Prosesa na kadi subiri kwanza, nitakuchagulia mwenyewe nikijua umepata madabodi gani. Soma namba iliyoandikwa katikati, uninakilie.

Unajua nimekumbuka nini? Siku ya kwanza shemeji ananifundisha. Yeye amekaa mlangoni pa kibanda anapiga soga na kinyozi wa jirani, mgongo wake kwangu kabisa. Mimi nikaipaka prosesa ile dawa ya kupoza kama siagi kwenye mkate. Hakugeuka, dada. Alisema tu, "Mchwa, futa." Mpaka leo sijui aliona kwa jicho gani. Mtu yule unaweza kumtukana, ukamkanyaga mguu, asikasirike. Lakini kitu kikifungwa vibaya karibu yake anawashwa mwili mzima, hawezi kulala nacho.

Bado anakuita Bosi mbele za watu? Mwambie aniandikie hata mstari mmoja, au mkono umeota jipu? Na aache kumchosha mtoto wangu na mipira, amfundishe kushika kipanya.

Mdogo wako wa chini ya ardhi,
Mchwa


Jumapili, tarehe 24 Februari

Mchwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nimepata mtu anayeuza mitumba ya kompyuta, nyuma ya duka la vitanda. Watu wanamwita Babu Feni kwa sababu dukani kwake kuna feni tele na zote hazizunguki, anakaa anajipepea na kipande cha boksi. Nilimwambia nataka kubeba pawa saplai. Nikabeba moja mkono huu, nyingine mkono ule, nikamwomba na ya tatu. Akaniuliza, "Mama, unanunua pawa saplai au nyanya?" Nikamwambia nanunua ile nzito kama pasi yangu ya kazini. Akaenda ndani akanitolea nyingine aliyokuwa ameificha. Hiyo ndiyo nimechukua.

Madabodi imetoka kwenye kompyuta ya ofisi, na ramu zake mbili zinafanana kama ulivyosema. Namba nimekunakilia chini hapo, nimeitazama mara nyingi nisikosee. Nimeiweka juu ya kabati, nimeifunika kitambaa. Skrini na kibodi tulikuwa navyo. Kasha limebonyea ubavuni kama lililopigwa teke, na Chiriku amelihamia. Anakaa humo na kijiko, anasema anakwenda kazini.

Nimeunguza kidole kwa pasi, si sana.

Shemeji yako yupo. Kimya tu, kama unavyomjua.

Niandikie prosesa.

Dada yako,
Mama Chiriku


Jumatano, tarehe 6 Machi

Dada,

Sikuandikii kuhusu prosesa.

Nilimwomba dereva wa lori apitie kibandani amsalimie shemeji kwa niaba yangu. Amerudi ananiambia mle ndani kuna mtu anauza ndoo na mabeseni. Ndoo, dada! Kinyozi alipoulizwa, aliinamia kichwa cha mteja wake akajifanya hajasikia.

Nimezichukua barua zako mbili nikazisoma upya. Hakuna mwandiko wake. Hakuna hata tusi lake moja, na mtu yule kwangu hakosi tusi. "Shemeji yako yupo." Yupo wapi? "Kimya tu, kama unavyomjua." Mimi namjua? Mimi namjua mtu anayeimba akiwa chooni!

Kama ameondoka, sema ameondoka. Kama kuna mwanamke, sema kuna mwanamke. Ndiyo maana unaunganisha kompyuta? Unamwita nayo, kama mtu anayemwita kuku kwa punje? Unaunguza vidole kwa dobi ili umnunulie kadi ya picha mtu aliyekuacha na mtoto?

Niambie ukweli. La sivyo naliacha shimo lao na mkataba wao, nakuja kwa miguu, na huyo bwana nitamtafuta nilipate jibu kutoka mdomoni mwake.

Mchwa


Jumatano, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Hakuondoka. Yuko hapa, nikinyoosha mkono namgusa. Hakuna mwanamke.

Ilikuwa kabla ya mwaka mpya. Mvua ilikuwa inaingia kibandani, akapanda juu ya paa kuziba, bati likateleza. Aliangukia upande wa kulia, kichwa kikapiga ukingo wa mfereji. Kinyozi ndiye aliyembeba. Tulikaa hospitali muda mrefu, na mashine za kibandani ziliuzwa moja moja tukiwa kule. Iliyouzwa mwisho ndiyo iliyotutoa.

Mguu umerudi, akishikwa anatembea. Mkono wa kulia haujarudi. Na haongei. Daktari amempima mara nyingi, anasema ulimi mzima, koo zima, kichwani amepona. Akitaka ataongea. Mimi namtazama naona hajakataa. Ni kama swali lenyewe halijamfikia. Anautazama ukuta, na ukikaa mbele ya ukuta anakutazama wewe vile vile alivyokuwa anautazama. Hajaniita Bosi tangu siku ile, na duniani anayeniita Bosi ni yeye peke yake.

Sasa umeujua mpira. Ni wa nesi wa mazoezi ya viungo, anatakiwa aubane. Haubani. Ukianguka hatazami ulikoangukia. Chiriku anadhani ni mchezo na yeye ndiye anayeshinda.

Nesi ameniambia vidole visipoanza kazi mapema vitakauka hivyo hivyo vilivyojikunja. Nikamwuliza, nimfanyie nini zaidi ya mpira? Akaniuliza, "Kabla ya kuanguka, huo mkono ulikuwa unapenda nini?" Nikamjibu bila kufikiri: kipanya. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Akasema basi mtafutie kipanya. Ndiyo hiyo kompyuta. Simwiti mtu aliyeondoka nyumbani. Namwita aliye kitandani.

Sikukuambia kwa sababu ungeruka geti siku hiyo hiyo, na mama anakula kwa mkataba wako. Naomba usije. Ukinipenda, usije.

Unashangaa mbona barua zangu hazina machozi. Sijalia, Mchwa. Kile kidole nilichokuambia, nilinusa kwanza. Nilisikia harufu, nikadhani ni shati la mteja, nikaligeuza shati huku na huku, zima. Ndipo nikaona ni mimi. Ndivyo nilivyo siku hizi. Naamka, namwogesha, namlisha, nakwenda kazini, narudi. Watu wananisifu, "Mama Chiriku una moyo." Sijui kama ni moyo au ni ganzi. Wewe uliye chini ya mawe labda unasikia zaidi kuliko mimi.

Ila kuna kitu kimoja. Nikiwa kwa Babu Feni nageuzageuza vile vipande, nasikia kitu kidogo, kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka, unavyochomachoma. Si furaha. Lakini ni kitu.

Mama mkwe amekuja kutusaidia. Mwema, sina neno naye. Anamwita "baba" na kumkata kucha. Ila anasema mimi niko kazini mchana kutwa na mwanawe anazeeka mbele ya ukuta, kwa hiyo mwezi huu ukiisha atamchukua akakae kwake, mbali, na mimi nibaki na mtoto mpaka apone. Apone na nani kule? Kule kuna ukuta mwingine tu. Na mpaka leo sijamwonyesha hata kidole kimoja kilichosogea.

Kwa hiyo nichagulie prosesa.

Dada yako


Jumanne, tarehe 19 Machi

Dada yangu,

Barua nimeipata. Nimeshuka shimoni, nimepanda. Nimekula, sikumbuki nini. Jamaa wa kitanda cha juu ananiongelesha, naona mdomo wake unachezacheza.

Lile la jipu lifute. Na la kuku. Yote yafute.

Siji, kwa sababu umeniomba. Nabaki hapa kulipiga jiwe. Jiwe limeshazoea.

Prosesa. Nimeitafakari namba ya madabodi yako, iko vizuri. Kuna prosesa zinazoweza kuchora picha kidogo zenyewe, na kuna zile zisizochora kabisa, kazi hiyo zinaiachia kadi. Chukua isiyochora. Bei yake iko chini na inafikiri sawa na mwenzake. Kitakachobaki ongeza kwenye kadi. Nimekuandikia majina matatu nyuma ya karatasi hii. La kwanza likikosekana chukua la pili, yote yanaingia kwenye madabodi yako. Kadi chukua ile fupi isiyotaka waya wake wa umeme, inajilisha kutoka kwenye madabodi. Diski ya kuhifadhia gemu, yoyote nyepesi isiyozunguka ndani. Chiriku asiimwagie maji.

Kipanya usichukue chenye mbwembwe na vifungo kumi. Chukua kikubwa, chepesi, kilicholingana pande zote, ili wa kulia ukikataa, wa kushoto ushike.

Dawa ya kupoza ni punje ya mchele tu katikati. Siyo siagi.

Sasa hili ndilo kubwa. Usiunganishe kwa Babu Feni. Unganisha nyumbani, sakafuni, mbele ya macho yake. Usimwambie ni yake, usimwombe msaada, usimsimamie kuona kama anatazama. Yeye alikuwa hivyo hivyo na mimi, hakunitazama hata siku moja, ndiyo maana niliweza. Fanya kazi yako kama unakunja nguo.

Na ule ubavu wa kasha usiufunike. Uache wazi aone ndani.

Nilipoondoka kuja hapa shemeji aliniambia, "Nenda, ukirudi nakukabidhi kibanda." Nilidhani anatania.

Mchwa


Jumatano, tarehe 27 Machi

Dada, haraka haraka.

Nilikuwa chini nachimba, nikakumbuka kitu nilichosahau kukuandikia, nikapiga kelele mpaka msimamizi akadhani mwamba unashuka.

Nyuma ya kasha kuna matundu mawili ya waya wa skrini, nayo yanafanana kama pacha. Moja liko juu, la madabodi. Jingine liko chini, la kadi. La juu limekufa. Limekufa kwa sababu prosesa niliyokuchagulia haichori picha! Ukichomeka juu, taa itawaka, feni itazunguka, kila kitu kitavuma, na skrini itabaki nyeusi tii. Utadhani umeiua mashine nzima. Hujaua kitu. Toa waya, chomeka chini. Basi.

Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo kwenye mashine yangu ya kwanza. Nilihangaika mpaka karibu nilie. Shemeji alivumilia, alivumilia, akashindwa. Alinicheka mpaka akakaa chini.

Lori limevunjika springi, liko gereji, na dereva anasema halitoki huku kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo barua hii haitakufaa. Naiandika tu kwa sababu nikikaa bila kuandika naisikia mikono yangu.

Chini, dada. Chomeka chini.

Mchwa


Ijumaa, tarehe 29 Machi

Mdogo wangu Mchwa,

Sasa hivi Chiriku amenipokonya skrubu ya mwisho akaitia mdomoni, na nilipomtolea macho akaitema kiganjani mwangu kwa heshima zote, akasema, "Tayari, Mama, nimeiosha." Bibi yake amembeba wametoka naye, wako bombani wanafua. Nawasikia kutoka hapa. Bibi mtu anasema moja, Chiriku anajibu kumi.

Nakuandikia nimekaa sakafuni nyuma ya kasha, karatasi iko gotini. Dereva nasikia hajarudi, lori liko gereji kwenu. Najua hutanisaidia kwa leo. Naandika ili nifikiri.

Vyote nimepata. Jina la kwanza Babu Feni hakuwa nalo, la pili alikuwa nalo. Kadi ni fupi kama ulivyosema. Alipoona nimekuja na karatasi yako na sitaki kubadilishiwa, akaacha kujipepea, akaniambia, "Huyo aliyekuandikia ni fundi, mwambie akitaka kazi aje." Kipanya ni kikubwa, chepesi, hakina mbwembwe. Nimekiweka kitandani karibu na mkono wake wa kulia, sikusema kitu. Kiko hapo.

Leo dobi amenipa ruhusa. Nimetandika shuka sakafuni mbele ya kitanda nikapanga vyote, nikaanza. Sikumtazama. Nilitaka sana kumtazama, lakini nilikunja nguo kama ulivyosema. Ile dawa ya kupoza, nilikwenda jikoni nikachukua punje ya mchele ya kweli nikaiweka pembeni nilinganishe. Ramu ziligoma, nikazisukuma mpaka zikalia ta, ta. Nilidhani nimevunja, kumbe ndivyo zinavyoitikia. Skrubu ikanichoma kidole nikasikia hapo hapo, nikaona ajabu, maana tangu siku ya bati mikono hii haikuwa inasikia kitu.

Mama mkwe alikuja mlangoni, akasimama, akatazama kasha, akamtazama mwanawe. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hicho chuma kitamponya?" Nikamwambia sijui, Mama. Akasema, "Basi kesho asubuhi." Begi limeshafungwa, liko pale nyuma ya mlango. Nguo zake zote nimezipiga pasi mimi mwenyewe.

Nikawasha. Mchwa, iliwaka! Taa ndogo ya kijani, feni ikazunguka, ikavuma vizuri kabisa, na upepo wake ukanipiga usoni kupitia ule ubavu niliouacha wazi. Nikageukia skrini.

Nyeusi.

Nimezima, nimewasha. Nyeusi. Nimetoa ramu nikarudisha. Nimesukuma kadi. Nimegusa kila kitu ulichonitajia na vingine hukunitaja. Inavuma tu, kama mtu anayeguna huku haongei. Nimejikuta naiambia, "Na wewe pia?"

Sijalia. Kisha nikaona kama kuna kosa liko huku nyuma kwenye nyaya, ndiyo maana niko hapa na karatasi, nakueleza ninachokiona, pengine nikikueleza nitaliona. Waya wa umeme umeingia. Waya wa kibodi umeingia. Waya wa kipanya umeingia. Waya wa skrini nimeuchomeka kwenye tundu lake, hili la juu, umekaa sawasawa, hauchezi. Kuna tundu jingine linalofanana nalo huku chini, nadhani ni la akiba.

Nimeuchomoa nikauchomeka tena pale pale. Nyeusi. Nyuma yangu nimesikia mpira umeanguka. Huwa unaanguka.

Nimeupuliza waya vumbi, nikachomeka tena juu, nikakaza. Nyeusi. Kitanda kimelia. Ni kitanda cha zamani, kinalia chenyewe, na mimi sitaki kugeuka nikajidanganya bure, na begi liko mlangoni.

Wale bado wako bombani, Chiriku anamfundisha bibi yake kuhesabu. Nachomeka mara ya mwisho. Nimeushika waya kwa mkono wa kushoto, naupeleka kwenye hili tundu la juu, na Mchwa, ngoja, kuna mtu ananiita, anasema "Bosi, si hapo," sauti imekauka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na humu ndani hakuna anayeniita Bosi ila